Aleksanda Mkuu na Farasi Wake Bucephalus: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Akitajwa Aleksanda Mkuu, haupiti muda kabla mtu hajauliza habari za farasi wake. Alikuwa wa rangi gani? Alinunuliwa kwa kiasi gani? Ni kweli alijengewa mji? Hapa tumekusanya maswali yanayojirudia zaidi, tukianza na ya msingi na kuishia na yale ya wabishi. Miaka yote ni ya Kabla ya Kristo (K.K.), isipokuwa palipoandikwa B.K.

## Mambo ya msingi

1. Bucephalus alikuwa nani?

Alikuwa farasi dume wa vita wa Aleksanda wa Tatu wa Makedonia, huyo tunayemwita Aleksanda Mkuu (356–323). Asili yake ni Thessalia, nchi ya tambarare kaskazini mwa Ugiriki iliyosifika kwa malisho na kwa farasi. Aleksanda alimpata akiwa bado mwana wa mfalme, akavuka naye kuingia Asia mwaka 334, na mwaka 326 farasi akafa kando ya mto ambao leo unaitwa Jhelum, nchini Pakistan.

2. Walikaa pamoja muda gani?

Miaka 17 au 18 hivi, pengine zaidi kidogo. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki aliyeandika maisha ya Aleksanda, anaweka kisa cha kumtuliza farasi kabla Aristotle hajaitwa kuja kumfundisha Aleksanda, na Aristotle alifika mnamo 343. Kwa hesabu hiyo Aleksanda alikuwa na miaka 13 au pungufu siku alipompanda Bucephalus mara ya kwanza, na alikuwa na miaka 30 hivi alipomzika. Zaidi ya nusu ya maisha yake aliyapitisha na mnyama yule.

3. Habari hizi tumezipata wapi, na ni za kuaminika?

Swali hili ndilo linaloamua mengine yote, kwa hiyo tulipe nafasi.

Waandishi tunaowasoma leo hakuna hata mmoja aliyemwona Bucephalus. Diodorus aliandika katika karne ya kwanza K.K., Curtius, Plutarch na Arrian wakaandika katika karne mbili za kwanza B.K. Yaani wa karibu zaidi amepishana na farasi huyo kwa karibu miaka 300. Walikuwa na vitabu vya watu waliokuwa safarini na Aleksanda, kama Onesicritus aliyekuwa nahodha, na Chares aliyekuwa mtumishi wa baraza la mfalme, lakini vitabu hivyo vimepotea. Vilivyobaki ni vipande vilivyonukuliwa na wengine.

Ndiyo maana majibu mengi hapa chini yanakwenda "fulani anasema hivi, fulani anasema vile". Hata hivyo waandishi hawa hawapishani katika kila kitu. Wanapishana kuhusu bei, kabila lililomwiba na namna alivyokufa. Kwamba farasi mwenye jina hilo alikuwepo, kwamba alizeeka safarini, kwamba Aleksanda aliupa mji jina lake, hapo wanakubaliana.

4. Kwa nini aliitwa hivyo?

Jina lina maana ya kichwa cha ng'ombe. Maelezo yanayoingia akilini zaidi ni chapa. Wafugaji wa Thessalia walikuwa wakiwachoma farasi chapa za moto, na chapa ya kichwa cha ng'ombe ilikuwa mojawapo. Jina lilikuwepo hata kabla yake: Aristophanes, mtunzi wa vichekesho wa Athens aliyefariki miongo kadhaa kabla Aleksanda hajamiliki farasi, ana mstari unaotaja farasi wa aina hiyo kama mali ya kutamaniwa. Arrian anataja maelezo ya chapa, kisha anaongeza kwamba wengine walisema farasi alikuwa mweusi tii na kipajini ana baka jeupe lenye umbo la kichwa cha ng'ombe.

## Siku ya kutulizwa

5. Kile kisa cha Aleksanda kumtuliza farasi kilikwendaje?

Mfanyabiashara wa Thessalia aitwaye Philonicus alimleta farasi kwa Mfalme Filipo, baba yake Aleksanda, akitaka talanta 13 (tazama swali la 7). Wakashuka uwanjani kumjaribu. Farasi hakutaka mtu mgongoni, wala hakuvumilia sauti ya mtumishi yeyote wa mfalme. Kila aliyemsogelea alimwinukia. Filipo akakasirika kwa kuletewa mnyama wa mwituni, akaamuru aondolewe.

Aleksanda, aliyekuwa amesimama pembeni, akanung'unika kwamba wanapoteza farasi wa maana kwa kukosa ujuzi na moyo. Filipo akanyamaza. Kijana akarudia, akarudia tena, mpaka baba akamgeukia: unawakosoa wakubwa zako kana kwamba unajua kuliko wao? Akajibu kwamba huyu angalau angemmudu kuliko wao. Ukishindwa je? Nitalipa bei yake. Watu wakaangua kicheko, kwa maana mtoto yule angeitoa wapi fedha yote ile?

Sehemu inayofuata Plutarch anaieleza hatua kwa hatua. Aleksanda alimkimbilia farasi, akashika hatamu, akamgeuza aelekee jua, kwa kuwa alikuwa ameona kwamba kinachomtisha ni kivuli chake mwenyewe kikichezacheza mbele yake. Akakimbia naye sambamba kidogo huku akimpapasa. Alipoona ametulia, akaliachia joho lake lidondoke taratibu bila kishindo, akarukia mgongoni. Hakumpiga, wala hakumvuta lijamu kwa nguvu mdomoni. Alimwacha kwanza amalize hofu, na alipomhisi anataka mbio, ndipo akamfungulia, akimhimiza kwa sauti na kwa visigino.

Filipo na watu wake wakabaki kimya, roho mkononi. Kijana alipogeuza na kurudi kifua mbele, wote wakapiga kelele za shangwe.

6. Filipo alisema kweli kwamba Makedonia ni ndogo mno kwa mwanawe?

Plutarch anasema alilia machozi ya furaha, akambusu kichwani kijana aliposhuka, akamwambia: mwanangu, jitafutie ufalme unaolingana nawe, Makedonia haikutoshi. Maneno ni matamu, na utamu wenyewe ndio unaotia shaka. Yaliandikwa wakati kila mtu anajua Aleksanda alifika Uhindi. Sisi tunayachukulia kama kauli aliyotungiwa Filipo baadaye. Anayetaka kuyaamini hatutamgombeza.

7. Talanta 13 ni kiasi gani?

Talanta moja ya Athens ilikuwa kama kilo 26 za fedha, kwa hiyo talanta 13 ni karibu kilo 340 za fedha. Kwa hesabu ya sarafu ni drakma 78,000, na fundi wa wakati huo alilipwa drakma moja hivi kwa siku, au mbili akiwa hodari. Fundi wa drakma moja angefanya kazi zaidi ya miaka 200 bila kula wala kupumzika.

Bei hiyo ni ya ajabu hata kwa farasi wa kifahari. Katika maandishi ya Athens ya zama hizo, farasi mzuri wa kujivunia anatajwa kwa drakma 1,200. Bucephalus basi angekuwa sawa na farasi 65 wa aina hiyo. Pliny, mwandishi wa Roma, anataja bei kubwa zaidi, talanta 16. Diodorus hataji mauzo kabisa: kwake farasi alikuwa zawadi kutoka kwa Demaratus wa Korintho. Farasi mmoja kwa bei ya kikosi kizima ni biashara ya kutiliwa shaka, lakini Filipo alikuwa na dhahabu ya migodi na udhaifu wa farasi. Farasi wake alishinda mbio za Olimpiki mwaka uleule Aleksanda alipozaliwa.

8. Je, mbinu ya kumgeuza farasi aelekee jua inafanya kazi kweli?

Ina mantiki kuliko wengi wanavyodhani. Macho ya farasi yako ubavuni mwa kichwa, kwa hiyo anaona karibu pande zote kwa mara moja. Sehemu asizoziona ni chache: mbele kabisa ya paji la uso, na nyuma moja kwa moja usawa wa mkia. Ukimwelekeza kwenye jua, kivuli chake kinaangukia nyuma, sehemu ileile asiyoiona vizuri. Kitu cheusi kinachoruka kila anaporuka kinatoweka ghafla.

Lakini kuna jambo ambalo wasimulizi hulipita haraka. Aleksanda alirudi. Na kurudi maana yake ni kulipa jua kisogo, kivuli kikiwa mbele tena. Kwa hiyo jua lilimpatia nafasi ya kuanza tu. Kilichomaliza kazi ni mkono usiopiga, sauti, na ile mbio ndefu iliyompa mnyama kitu kingine cha kushughulika nacho. Xenophon, mwanajeshi wa Athens aliyeandika kitabu cha kutunza farasi kabla ya siku hiyo, alikuwa tayari ameshawaonya wasomaji wake wasimkaribie farasi kwa hasira, na wamzoeze taratibu kitu anachokiogopa mpaka aone hakina madhara. Aleksanda hakubuni elimu mpya. Tofauti ni kwamba yeye aliitumia, na saisi wa mfalme hawakuitumia.

## Vitani

9. Alimpanda Bucephalus katika kila vita?

Hapana. Katika vita vya mto Granicus mwaka 334, farasi wa Aleksanda aliuawa kwa upanga uliompenya mbavuni, na Plutarch anataja wazi kwamba huyo hakuwa Bucephalus.

Ushuhuda tunaoupenda zaidi ni wa vita vya Gaugamela dhidi ya Waajemi, mwaka 331. Plutarch anasema Aleksanda alipokuwa akipanga safu, akihimiza askari na kukagua huku na huku, alipanda farasi mwingine, kwa sababu Bucephalus alikwisha pita umri wake wa nguvu. Wakati wa kushambulia ulipofika ndipo Bucephalus alipoletwa, mfalme akahamia kwake, na papo hapo shambulio likaanza. Yaani mzee alipunguziwa kazi za kuzungukazunguka, akaachiwa heshima ya pigo lenyewe. Kisa cha kutulizwa kinampamba Aleksanda. Hiki kinaonyesha mtu anayejua farasi wake amebakiwa na pumzi kiasi gani.

10. Walipandaje bila tandiko wala vikuku?

Kwa mapaja. Kikuku cha kukanyagia kilifika Ulaya karibu miaka elfu moja baadaye. Tandiko la mbao halikuwepo, wala viatu vya chuma vya kwato. Askari wa Makedonia aliketi juu ya kitambaa au ngozi, miguu ikining'inia, mkono mmoja kwenye hatamu na mwingine umeshika mkuki wa zaidi ya mita tatu. Pigo likienda vibaya, hakuna cha kumzuia asianguke isipokuwa magoti yake na utulivu wa farasi.

Hali hiyo inaeleza mengi kuhusu uhusiano wao. Farasi alihisi kila msuli wa mpandaji ukikaza, na mpandaji alihisi farasi akivuta pumzi. Farasi anayeshtuka ovyo alikuwa kifo.

11. Ni kweli hakukubali mtu mwingine mgongoni?

Diodorus anasema kwamba akiwa hana matandiko, Bucephalus alimkubali saisi wake peke yake. Akishavishwa mapambo ya kifalme hakumtaka hata saisi. Ni Aleksanda tu, na kwake alijiinamisha ili apande kwa urahisi. Curtius anasema alipiga magoti.

Kumfundisha farasi ajishushe ili apandwe ni jambo la kawaida, na pasipo vikuku lina faida. Habari ya saisi inatufurahisha zaidi, maana inakumbusha kwamba kulikuwa na mtu aliyemlisha shayiri, kumkagua kwato na kumsugua jasho kila jioni kwa miaka yote ile. Jina lake halikuandikwa.

12. Alikuwa na rangi gani, na mkubwa kiasi gani?

Arrian anawataja waliosema alikuwa mweusi. Kwenye mozaiki maarufu ya Pompeii (swali la 23), farasi wa Aleksanda ni wa kahawia. Mozaiki ni nakala ya mchoro wa Kigiriki wa zamani zaidi, lakini haina maandishi ya kusema yule ndiye Bucephalus, kwa hiyo haitatui ubishi.

Kuhusu kimo, Arrian anasema alikuwa mkubwa, lakini mkubwa kwa farasi wa wakati ule. Wengi walikuwa kati ya sentimita 130 na 150 begani. Sanamu za kisasa zinazomwonyesha kama jitu zinafuata macho ya leo.

## Alipoibiwa

13. Ni kweli Aleksanda alitishia kuangamiza kabila zima kwa ajili ya farasi?

Ndiyo, na waandishi wote wakubwa wanalisimulia. Wanapishana mahali. Arrian anawataja Waukshi, watu wa milima ya kusini-magharibi mwa Iran ya leo. Diodorus na Curtius wanawataja Wamardi, na Plutarch analiweka tukio Hirkania, upande wa kusini wa Bahari ya Kaspi. Tukiwafuata hawa watatu, ni mwaka 330.

Diodorus anatoa picha kamili. Wenyeji walivizia, wakateka farasi kadhaa, Bucephalus akiwemo. Aleksanda akaamuru miti ikatwe na nchi iharibiwe, kisha akatangaza kwa watu wanaojua lugha ya wenyeji: farasi asiporudi, mtaona nchi yenu ikiwa jangwa na watu wake wakichinjwa. Plutarch anataja wazi wanawake na watoto. Farasi akarudishwa haraka, pamoja na zawadi nono na watu 50 wa kuomba msamaha. Hapo tena wanatofautiana: kwa Plutarch mfalme aliwatendea kwa upole na hata akawalipa waliomrudisha, kwa Diodorus aliwashika wakubwa wao kama mateka.

Wapenda farasi hukisimulia kisa hiki kama ushahidi wa mapenzi. Ni ushahidi kweli, lakini tukisome pia kwa macho ya mama wa Kimardi mwenye mtoto mgongoni, anayesikia tangazo hilo kwa lugha yake. Mtu aliyetangaza hivyo alikuwa na uwezo wa kutimiza. Alikuwa amekwisha teketeza Thebes, mji wa Kigiriki, mwaka 335.

14. Kwa nini wasimtumie tu farasi mwingine? Farasi walikuwa tele.

Walikuwa tele. Na huyu alikuwa mzee asiye na thamani kubwa tena vitani. Ndipo tunaposema kwamba tishio halikuwa la kijeshi. Huenda kulikuwa na hesabu ya heshima pia, kwani mfalme anayeibiwa kipando chake mbele ya jeshi anachekwa. Sababu zote mbili zinaweza kukaa pamoja.

## Kifo na mji

15. Alikufaje?

Mwaka 326, wakati wa vita vya mto Hydaspes (Jhelum) dhidi ya Mfalme Porus. Kuna masimulizi matatu.

Chares alieleza kwamba alijeruhiwa vibaya shingoni na ubavuni, akamtoa mfalme katikati ya maadui karibu akiishiwa damu, na alipomfikisha salama akaanguka na kufa. Simulizi hili ndilo linalopendwa. Wengine walisema mwana wa Porus ndiye aliyempiga. Onesicritus yeye alisema alikufa kwa uzee, na Arrian anakubaliana naye: hakupigwa na mtu, alichoshwa na joto, kazi na miaka.

Tunaegemea kwa Onesicritus. Aleksanda alivuka mto ule usiku, katika mvua ya radi, akaenda kupigana na jeshi lenye tembo, wanyama ambao farasi wasiowazoea huwakimbia hata kwa harufu. Mtu aliyempumzisha Bucephalus pale Gaugamela miaka mitano kabla angempeleka mbele ya tembo kwa sababu gani?

16. Kweli alikuwa na miaka 30?

Onesicritus na Arrian wanasema hivyo. Farasi anaweza kuishi miaka 30, ila wachache hufika. Tatizo ni hesabu. Mwenye miaka 30 mwaka 326 amezaliwa 356, mwaka aliozaliwa Aleksanda mwenyewe. Ulinganifu huo unanukia mkono wa msimulizi. Tena angekuwa na miaka 12 hivi alipoletwa kwa Filipo, na hakuna anayeuza farasi wa miaka 12 asiyepandika kwa bei ya swali la 7. Ama alikuwa mdogo kwa miaka kadhaa, ama kisa cha kutulizwa kimebadilishwa njiani.

17. Mji wa Bucephala uko wapi leo?

Aleksanda alianzisha miji miwili pale: Nicaea, mahali pa ushindi, na Bucephala, mahali alipovukia mto. Mvua za msimu ziliharibu ujenzi upesi, akalazimika kuukarabati aliporudi kutoka mashariki. Magofu ambayo wataalamu wote wanayakubali hayajapatikana. Yanayotajwa ni mji wa Jhelum na Jalalpur Sharif, yote katika Punjab ya Pakistan.

Jina lenyewe lilidumu. Mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza B.K., Periplus wa Bahari ya Erithrea, unalitaja ukieleza bara nyuma ya bandari za Uhindi. Ni kitabu kilekile kinachotaja Rhapta, soko la pembe za ndovu kwenye pwani yetu ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo nahodha aliyekuja kununua pembe huku angeweza kuwa na jina la farasi wa Aleksanda katika mwongozo wake.

## Maswali ya pembeni

18. Alikuwa na pembe? Alikula watu?

Hapana. Hayo yanatoka kwenye hadithi za kubuni za Aleksanda zilizoenea karne nyingi baadaye, kwa Kigiriki, Kilatini, Kiarabu, Kiajemi na lugha nyingine. Humo Bucephalus amefungwa kizimbani, anatupiwa wahalifu awatafune, na anamnyenyekea Aleksanda peke yake. Kuna sarafu za Seleucus, jenerali wa Aleksanda, zenye kichwa cha farasi mwenye pembe, na baadhi ya wataalamu wanasema ni Bucephalus. Pembe hapo ni alama ya uungu, si ya maumbile.

19. Je, farasi naye alimpenda Aleksanda?

Farasi hutambua watu, hukumbuka aliyewatendea vyema na aliyewaumiza, na hutulia kwa sauti waliyoizoea. Hayo yanatosha kueleza yote tuliyosimuliwa kuhusu Bucephalus.

Upande wa Aleksanda ndio wenye mambo. Tazama waliokuwa karibu naye. Parmenion, jenerali wa baba yake, aliuawa kwa amri yake mwaka 330. Cleitus, aliyemwokoa pale Granicus, alichomwa mkuki na mfalme mwenyewe katika ulevi mwaka 328. Callisthenes, mwandishi wake, alikamatwa mwaka uliofuata na hakutoka salama. Kadiri madaraka yalivyokua ndivyo kila rafiki alivyogeuka mtu wa kushukiwa. Farasi hakuwa na chama, hakutaka cheo, hakukataa kumsujudia, wala hakumwambia kwamba baba yake alikuwa mfalme bora. Plutarch anasema aliomboleza kana kwamba amepoteza mwenzi na rafiki. Tunaamini hivyo, na tunaamini pia ilikuwa rahisi zaidi kumpenda rafiki asiyesema.

20. Aleksanda huyu ndiye Dhulkarnaini wa kwenye Qurani?

Swali hili huulizwa sana na wasomaji wa pwani. Surat al-Kahf inamtaja Dhulkarnaini bila kusema ni Aleksanda. Wafasiri wengi wa zamani walimhusisha na Iskandari, huku wengine, akiwemo Ibn Kathir, wakikataa kwa hoja kwamba Dhulkarnaini alikuwa mja mwema na Mmakedonia yule aliabudu masanamu. Kwa ukurasa huu inatosha kusema kwamba aya hizo hazina habari ya farasi wake.

21. Ni kweli mbwa wake naye alipewa mji?

Plutarch anataja mbwa aitwaye Peritas, aliyelelewa na Aleksanda, na kwamba alipokufa mji ulianzishwa kwa jina lake. Ila anasema amelipata kwa mtu aliyesikia kwa mtu. Tofauti na Bucephala, mji huo hauna ushahidi mwingine.

22. Wako wafalme wengine waliopenda farasi hivyo?

Wapo. Caligula wa Roma (37–41 B.K.) alimpa Incitatus banda la marumaru, hori la pembe za ndovu na mavazi ya zambarau. Lakini hakuwahi kumfanya konsuli, cheo cha juu cha serikali ya Roma. Waandishi wanasema alikusudia tu, na huenda lilikuwa kejeli kwa maseneta. Kaisari Hadrian alimjengea kaburi Borysthenes, farasi wake wa kuwindia, na shairi juu yake.

Anayestahili kutajwa zaidi na Waafrika ni Piye, mfalme wa Kushi katika Sudan ya leo, karne nne kabla ya Aleksanda. Alipoiteka Misri aliingia zizini mwa Nimlot, mtawala wa Hermopolis aliyekuwa amezingirwa, akakuta farasi wamekonda kwa njaa. Katika jiwe alilochongesha Jebel Barkal anaapa kwamba njaa ya farasi wale imemuuma moyoni kuliko uovu mwingine wowote wa Nimlot. Kule el-Kurru, kwenye makaburi ya wafalme wa Kushi, wachimbaji walikuta mwaka 1919 B.K. makaburi 24 ya farasi, waliozikwa wakiwa wamesimama. Piye hakuwa na farasi mmoja kipenzi tunayemjua kwa jina. Lakini ukitaka mfalme aliyehuzunika kwa farasi wasio wake, ni yeye.

23. Naweza kuona wapi picha ya Bucephalus?

Anza na Makumbusho ya Taifa ya Akiolojia ya Naples, Italia. Ndipo ilipo mozaiki iliyochimbuliwa Pompeii mwaka 1831 B.K., ya vipande zaidi ya milioni moja, Aleksanda akimkabili Dario wa Uajemi. Humo pia mna sanamu ndogo ya shaba ya Aleksanda akiwa juu ya farasi. Ufukweni Thessaloniki, Ugiriki, kuna sanamu kubwa ya kisasa, na Edinburgh, Uskoti, ipo ya John Steell ikionyesha siku ya kutulizwa.

Mchoro mwingine wa zamani umepotea. Apelles alimchora Aleksanda akiwa na farasi huko Efeso, na kwa simulizi la Aelian, mwandishi wa Roma, mfalme aliutazama bila kuusifu inavyostahili. Farasi alipoletwa, akamlilia farasi wa kwenye picha kana kwamba ni mwenzake. Apelles akasema: mfalme, inaonekana huyu anajua uchoraji kuliko wewe.